Pointi 50 za leseni: kikao cha Alhamisi, kongamano, kozi ya simu au kozi ya vitendo?

Desemba ikiingia, kundi letu la WhatsApp la madaktari hubadilika. Maswali ya dozi na maombi ya kubadilishana zamu hupungua, yanaingia mengine. "Wakuu, kuna webina yoyote leo yenye pointi?" "Nimebakisha kumi na mbili, nisaidieni." Mwaka juzi mmoja wetu aliuliza hivyo tarehe 29, saa tano usiku, akatumiwa picha ya mtu anayekimbiza matatu. Nilicheka sana. Kisha nikafungua akaunti yangu mwenyewe, nikakuta nina 38.

Kwa asiye mwenyeji wa mambo haya, sharti lenyewe ni fupi. Daktari aliyesajiliwa Kenya huhuisha leseni kila mwaka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo wakongwe bado wanaliita "Bodi" kwa kuwa lilibadilishwa jina 2019 tu. Leseni huisha tarehe 31 Desemba. Ili uhuishiwe, lazima uwe na pointi 50 za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma, ulizokusanya mwaka huo kwa waandaaji wanaotambuliwa na Baraza. Kutibu bila leseni hai ni kosa chini ya Sheria, Sura ya 253, na daftari la madaktari liko wazi mtandaoni: mgonjwa akitaka anaandika jina lako anaona. Wenye hospitali za binafsi huangalia huko kabla hawajakupa zamu ya lokamu, yaani ya kibarua cha muda, Januari.

Kila mwaka vijana waliotoka kumaliza intern huniuliza njia gani ya kupata pointi ni rahisi zaidi. Huwa nawajibu kwa swali: rahisi kwa mfuko, kwa muda, au kwa mgonjwa utakayemwona Jumatatu? Njia nimezipitia zote, mwaka wa kumi na moja huu nikiwa daktari wa hospitali ya kaunti huku Pwani, na bei ya kila pointi ndicho kipimo kibaya kuliko vyote vya kuchagulia. Ndicho pia nilichokitumia mimi kwa miaka mitano ya kwanza.

Kikao cha Alhamisi

Kila hospitali kubwa ina siku yake. Yetu ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, chumba cha mikutano kilicho juu ya maabara. Hulipi kitu, huombi ruhusa, huendi mbali. Ukiwa na bahati kuna chai na mahamri.

Tatizo la kwanza ni hesabu. Tuseme kikao chenu kimesajiliwa kwa pointi moja. Mwaka una Alhamisi 52. Toa likizo yako ya wiki nne. Toa asubuhi ulizotoka zamu ya usiku ukaenda zako kulala. Toa sikukuu, toa siku mtoa mada alipoitwa thieta. Ukibaki na 30 wewe ni mtu wa kupewa zawadi. Mwaka 2024 mgomo wetu ulichukua siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na Alhamisi nane ziliondoka nao. Kwa hiyo anayetegemea kikao cha hospitali peke yake hafiki 50, na ni heri alijue hilo Januari kuliko Novemba.

Tatizo la pili ni ubora. Zipo Alhamisi ambazo mtoa mada ni intern aliyepewa kazi jana jioni, anasoma slaidi neno kwa neno akiwa ametupa mgongo. Zipo Alhamisi ambazo mwakilishi wa kampuni ya dawa ameleta biriani, na mada ni kidonge cha presha ambacho duka letu la dawa halijawahi kukiona. Na karatasi ya mahudhurio ina maajabu yake, majina manne kwa mwandiko mmoja.

Pamoja na hayo yote, nikilazimishwa kubaki na njia moja, nitabaki na hii. Sababu ni Alhamisi moja katikati ya 2023.

Daktari bingwa wetu wa uzazi alileta utafiti wa E-MOTIVE, uliokuwa umechapishwa Mei mwaka huo katika jarida la tiba la New England. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya laki mbili waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Walichofanya ni kuweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa. Ikifika kiwango cha hatari, hatua zote zinaanzishwa kwa pamoja: kusugua tumbo la uzazi, oksitosini, asidi ya tranexamiki, maji ya mshipa, kukagua damu inatoka wapi. Husubiri moja ishindwe ndipo uanze nyingine. Wanawake waliovuja damu nyingi mno, au wakapasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au wakafariki kwayo, walikuwa asilimia 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani na asilimia 1.6 kwenye zile zilizobadilisha.

Slaidi zikaisha. Kimya kidogo. Akainuka sista mmoja wa leba, mama wa makamo ambaye nadhani amezalisha nusu ya mtaa wake.

"Daktari, ahsante. Lakini hiyo plastiki hatuna. Na mama zetu wanakuja na leso, kanga zao."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sasa damu ikiingia kwenye leso mimi nitaisoma vipi?"

Bingwa akakwama. Wa maabara, aliyekuja kwa ajili ya chai na nasema hivyo kwa heshima, ndiye aliyeuliza kama leba kuna mizani. "Ya watoto ipo," sista akajibu, kisha akanyamaza, na nikaona usoni mwake kwamba jibu limeshampata.

Jioni ile tulipima leso kavu: gramu 240. Usiku akajifungua mama mmoja, mtoto wa tatu, hakuna wasiwasi wowote. Mkunga wa zamu akakadiria kwa macho mililita 300. Leso iliyolowa ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mizani ya watoto, ikasoma gramu 790. Gramu moja ya damu ni takriban mililita moja. Toa 240, unabaki na 550. Kwa jicho la mkunga mama yule alikuwa salama. Kwa mizani alikuwa ameshavuka 500, kiwango cha hatari, na hatua zikaanza saa ile ile. Hadi leo kuna karatasi imebandikwa ukutani karibu na mizani ile, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: LESO KAVU 240.

Nimelisimulia kwa urefu kwa kuwa sijawahi kuona kitu kama hicho kikitokea hotelini wala kwenye simu. Kilitokea kwa sababu mwenye utafiti, mwenye leso na mwenye mizani walikuwa chumba kimoja, na jioni walikuwa bado jengo moja. Siku hiyo pointi zilikuwa zile zile za Alhamisi ya biriani.

Ushauri wa vitendo: usikae nyuma tu. Ukitoa mada wewe unapata pointi kuliko aliyekaa kusikiliza, na utasoma kwa wiki mbili kile ambacho wenzako watakisikia kwa saa moja. Na kama hospitali yenu inafanya vikao ambavyo havijasajiliwa, hiyo ni kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta na subira. Kuwa wewe mtu huyo.

Kongamano

Hapa ndipo pointi zinapopatikana kwa mkupuo. Siku tatu za chama cha madaktari, KMA, au za vyama vya fani, wa watoto, wa uzazi, wa upasuaji, na unarudi na fungu zuri kwenye akaunti. Kwa sisi wa Mombasa na Kilifi kuna upendeleo ambao wa bara hawatusamehe, kwani makongamano mengi yenyewe huja ufukweni. Mwenzako wa Lodwar analipa nauli mbili na vyumba. Wewe unapanda tuktuk.

Hebu tufanye hesabu ya mtu wa Nairobi. Tuseme usajili ni 20,000, hoteli ni 7,000 kwa usiku, usiku tatu. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, kwenda na kurudi 3,000. Jumla 44,000 kabla hajanunua chakula cha jioni. Akipata pointi 20, kila moja imemgharimu 2,200. Ongeza lokamu alizokosa siku hizo. Kaunti kwa maandishi inatakiwa kusaidia mafunzo ya watumishi wake. Nenda na barua yako, lakini usikate tiketi kwa kutegemea jibu lake.

Na umejifunza nini? Mwaka 1999 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya Davis na wenzake waliokusanya majaribio ya mafunzo rasmi ya madaktari. Mihadhara mitupu, mtu mbele na wengine wamekaa, haikuonyesha kubadili namna daktari anavyotibu. Vikao vya kushiriki, vya kujaribu na kusahihishwa, vilionyesha. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyofuata yamekuwa na huruma kidogo: mikutano ya mafunzo husogeza utendaji kwa takriban asilimia 6. Si sifuri, ila ni kidogo. Nenda ukumbi mkubwa siku ya pili saa tisa alasiri uhesabu viti vitupu. Nimewahi kuona watu waliojiandikisha asubuhi wakirudi jioni na mchanga miguuni.

Sasa nijipinge mwenyewe. Mwaka fulani, kwenye foleni ya chai ya kongamano, nilisimama nyuma ya daktari wa upasuaji wa watoto kutoka hospitali ya rufaa. Tuliongea dakika kumi, habari za watoto wanaozaliwa utumbo ukiwa nje, namna ya kuufunika na kumweka mtoto joto kabla ya kumsafirisha. Akanipa namba yake. Miezi saba baadaye, saa nane usiku, nilikuwa na mtoto wa aina hiyo hiyo mbele yangu. Nikapiga. Akapokea mlio wa pili. "Mfunike kwa plastiki safi, mlaze upande wa kulia, usimlishe, niambie gari linatoka saa ngapi." Ukumbini siku ile nilisikiliza mada kumi na nne. Sikumbuki hata mbili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kongamano hulipii pointi, unalipia foleni ya chai. Ukiwa bingwa, au uko njiani kuwa, au una kitu cha kuonyesha hata kama ni bango la utafiti wa wagonjwa ishirini, nenda. Ukiwa kijana wa mwaka wa pili, una deni la SACCO, na unachotaka ni kufikisha 50, pesa hiyo ina kazi bora zaidi, nitaifikia.

Kozi ya simu

Corona ndiyo iliyotufundisha webina, na hazijaondoka. Zipo za vyama vya hapa nyumbani, za jioni, nyingi bure au kwa ada ndogo, na pointi zake ni za Baraza moja kwa moja. Kwa daktari aliyeko peke yake kwenye zahanati, ambaye hana Alhamisi wala chumba juu ya maabara, hii si njia ya uvivu. Ndiyo njia yake. Anahitaji bando na mtandao usiokatika, basi.

Kisha zipo kozi za nje, na hapa watu wengi hujikwaa. Tovuti za Marekani hutoa kozi nzuri bure zenye kile wanachokiita AMA PRA Category 1, mfumo wa chama cha madaktari wa huko ulioanza 1968, saa moja ya kusoma kwa krediti moja. Ni mali halali kabisa, huko. Hapa, krediti ya Marekani haigeuki kuwa pointi ya Nairobi kwa sababu tu cheti kina muhuri wa kupendeza. Uliza kabla hujaanza, usiulize Desemba. Vivyo hivyo kozi za OpenWHO za Shirika la Afya Duniani, ambazo nazipenda hasa zile za milipuko. Cheti chake kinaonyesha kwamba umesoma. Kuhesabiwa ni jambo jingine.

Utagundua pia kwamba kozi nyingi za bure za Kimarekani zinahusu dawa kali za maumivu na uraibu. Sehemu ya sababu ni sheria yao: tangu Juni 27, 2023, daktari anayeomba au kuhuisha kibali cha kuandika dawa zinazodhibitiwa lazima awe na saa nane za mafunzo ya uraibu, mara moja. Soko limefuata sheria. Sisemi uraibu haupo kwetu, Pwani tunaujua vizuri mno. Ila mgonjwa wao ametoka na vidonge kwenye kliniki ya mgongo, wangu ametoka maskani akiwa na sindano, na wodini saa ya kumpa morfini ya saratani tunabishana kama ipo stoo.

Kasoro ya simu ni kwamba inakuamini kupita kiasi. Niliwahi kumaliza kozi ya sukari saa kumi usiku, katikati ya zamu, kwa kubofya "endelea" huku nikisubiri majibu ya damu. Maswali kumi mwishoni, unarudia hadi upate. Nilipata 10 kwa 10 mara ya tatu. Asubuhi sista aliniuliza swali la insulini lililokuwa ndani ya kozi ile ile, nikaenda kulitafuta kwenye kitabu.

Siku hizi natumia simu kwa kitu kimoja: pengo ninalolijua. Nikiona wagonjwa wawili wa jambo nisilolishika vizuri ndani ya mwezi mmoja, natafuta webina ya jambo hilo, nakaa na daftari, naiandikia nusu ukurasa. Ikiwa na pointi ni sawa. Isipokuwa nazo, nasoma vile vile.

Kozi ya vitendo

Hii ndiyo ghali kwa siku, ngumu kwa ratiba, na ndiyo ninayomwambia kila anayetoka intern aitangulize mbele ya nyingine zote.

Kuna za moyo na uhai, BLS na ACLS, ambazo kadi yake hudumu miaka miwili. Kuna ATLS ya majeruhi, miaka minne. Na kuna ETAT+, ya watoto mahututi na wachanga, ambayo ni yetu. Ilijengwa hapa Kenya na watafiti wa KEMRI-Wellcome, Chuo Kikuu cha Nairobi, Wizara ya Afya na Chama cha Madaktari wa Watoto, juu ya kile kijitabu cha miongozo ya watoto kilichotoka kwanza 2005 na ambacho kila mmoja wetu amekibeba mfukoni mwa koti hadi kikachanika. Siku tano. Mwishoni unafanyiwa mtihani wa maandishi na wa vitendo, na cheti cha kufaulu hakitolewi kwa kuonekana ukumbini.

Niliifanya nikiwa na miaka sita ya kazi, na niseme wazi, niliifanya kwa ajili ya pointi. Nilikuwa nimeshawapulizia hewa watoto wachanga wasiohesabika. Siku ya pili tukagawanywa vikundi vya watu watano, mwanasesere mezani, ambu, yaani mfuko wa kupulizia hewa, na kinyago. Mwalimu wa kikundi chetu alikuwa muuguzi wa kitengo cha wachanga, msichana ambaye nilimkadiria miaka ishirini na saba.

Nikashika kinyago, nikabana mfuko.

"Kifua hakijapanda, daktari."

Nikabana kwa nguvu zaidi.

"Bado."

Nikabonyeza kinyago usoni mwa mwanasesere ili hewa isivuje. Akanitazama kidogo, kisha akaushika mkono wangu kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika. "Unaisukuma taya chini. Shingo inajikunja, njia inaziba. Usikilete kinyago kwa mtoto, mlete mtoto kwenye kinyago." Akakunja kitambaa akakiweka chini ya mabega, kichwa kikakaa sawa, si nyuma sana, si mbele. Vidole vyangu vitatu akaviweka chini ya mfupa wa taya, viinue. Kidole gumba na cha shahada juu ya kinyago. "Sasa bana. Taratibu."

Kifua kikapanda.

Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria miaka sita.

Hilo halifundishwi kwa slaidi, na hakuna webina itakayoliona kosa langu kwa sababu kamera yangu huwa imezimwa. Upungufu wake upo: ujuzi wa mikono hupotea ndani ya miezi michache usipoutumia, kwa hiyo kadi inaweza kuwa hai huku mikono imeshasahau. Sisi tulimwomba msimamizi wa leba atuwekee mwanasesere mmoja kwenye kabati la chumba cha kuzalishia, na anayeingia zamu ya usiku humbana kidogo kabla kazi haijaanza. Si pointi, hakuna anayehesabu.

Bei? Hutofautiana, na miradi mara nyingi hulipia baadhi ya nafasi, hasa za ETAT+ na za uzazi. Nafasi hizo hupitia kwa sista mkuu na msimamizi wa mafunzo wa kaunti, hazipitii kwenye tangazo. Mwende mwezi Januari mkajuane.

Wewe ni nani

Umetoka intern, uko hospitali ya kaunti: Alhamisi zako kama msingi, mada mbili utoe mwenyewe, kozi moja ya vitendo kabla ya Juni, zilizobaki webina za nyumbani. Kongamano likija mjini kwako lipia siku moja kama wanaruhusu.

Uko peke yako kliniki ya mjini au ya kijijini: webina za vyama vya hapa ndizo mhimili, lakini omba kuingia kikao cha hospitali iliyo karibu hata mara moja kwa mwezi. Utakutana na wale unaowapelekea rufaa. Wana la kukuambia kuhusu barua zako.

Bingwa: unaijua njia yako. Pengine andika. Jarida la East African Medical Journal linapokea makala tangu miaka ya 1920, na kuandika nako kuna pointi, ingawa kwa saa ulizotumia utakuwa umelipwa vibaya kuliko mtu yeyote.

Unafikiria kuhama: kila nchi ina hesabu yake, na anza kuifuata ukiwa bado hapa. Afrika Kusini wanataka pointi 30 kwa mwaka, tano kati yake za maadili na sheria, na pointi hudumu miezi 24, si kama zetu zinazozaliwa Januari na kufa Desemba. California ni saa 50 kwa miaka miwili. New York haina idadi ya jumla, ina mada za lazima tu kama kudhibiti maambukizi. Uingereza ndiyo inayowashangaza wengi. Huko baraza lao la madaktari, GMC, halina namba lililopanga. Vyuo vya fani ndivyo vinavyopendekeza 50 kwa mwaka. Tangu Desemba 2012 daktari huthibitishwa upya kila miaka mitano, na kila mwaka anakaa na mkaguzi wake mezani, na rundo la vyeti peke yake halimtoshi mkaguzi. Anauliza umebadilisha nini baada ya kusoma. Maoni ya wagonjwa yamo, ya wenzako yamo, malalamiko yamo. Mwenzangu aliyehamia huko aliniambia kikao chake cha kwanza alienda na faili nene la vyeti, akaulizwa kuhusu kimoja tu, na hakuwa na la kusema. Tangu hapo na mimi naandika ile nusu ukurasa.

Na wewe uliyebakiwa na kumi na mbili tarehe 29: kwanza ingia kwenye akaunti, usihesabu vyeti vilivyo mezani. Inayohesabika ni pointi iliyoingia kwenye mfumo, na mara nyingi upungufu ni mwandaaji wa Agosti ambaye hakupeleka majina. Mpigie asubuhi, kwa upole, kuna wengine hamsini wanampigia. Ndiyo maana akaunti huangaliwa Oktoba. Zilizobaki tafuta webina za vyama vya hapa, si za nje, kwa kuwa huna tena siku za kubishana na mtu kuhusu krediti.

Mimi zile kumi na mbili nilizipata. Nane zilikuwa za mafunzo ya Septemba ambazo hazikuwa zimeingizwa, nne za webina mbili za usiku mmoja. Ya mwisho iliingia tarehe 31 saa nne asubuhi, nikalipa, leseni ikatoka, nikaenda zamu. Mada ya webina ya pili siwezi kukutajia hata ukinilipa.